Kwa nini fundi AC avute hewa kabla ya kufungulia gesi?

Kuanzia Tegeta na Bunju mpaka Mbagala na Chamazi, utakuta nyumba mpya zikifungwa AC. Fundi anatoboa ukuta, anaunganisha kifaa cha ndani na cha nje kwa bomba mbili za shaba, anakaza nati, anafungulia gesi. Ila kabla ya kufungulia, anatakiwa avute hewa kwa pampu ya vakyumu. Ni rahisi kuiruka hatua hii, kwa sababu hata isipofanyika, siku hiyo AC itapoza tu. Hasara inakuja baadaye.

Kwani hewa ina ubaya gani? Gesi ya AC ikifika kwenye kifaa cha nje inatoa joto na kugeuka kimiminika. Hewa haigeuki, naitrojeni, iliyo sehemu kubwa ya hewa, inahitaji nyuzi 196 chini ya sifuri. Kwa hiyo inabaki humo, inachukua nafasi na kuongeza mgandamizo. Kompresa inasukuma kwa nguvu zaidi, na umeme wa LUKU unaisha haraka.

Unyevu ni mbaya zaidi, na hewa ya Dar inao mwingi. Unaweza kuganda kuwa barafu kwenye tundu jembamba linalopitisha gesi. Pia mafuta ya kompresa kwenye AC za R410A na R32 hunyonya maji, kisha hutengeneza asidi inayokula kompresa polepole.

Basi si tuachie gesi kidogo isukume hewa nje? Wapo wanaofanya hivyo. Hewa nyingi itatoka kweli, lakini maji yaliyonata ndani ya bomba yanabaki. Tena kilo moja ya R410A ikiachiwa angani huongeza joto la dunia kama kilo 2,000 hivi za kaboni dioksidi.

Sasa pampu inayatoaje maji? Kwa kuyachemsha bila moto! Maji huchemka kwa nyuzi 100 hapa pwani kwa sababu ya mgandamizo wa hewa. Kileleni Kilimanjaro, hewa ikiwa nyepesi, huchemka karibu na nyuzi 80. Ukishusha mgandamizo hadi sehemu 1 ya 25, yanachemka kwa nyuzi 29, joto la kawaida la mchana Dar. Yanakuwa mvuke, pampu inauvuta. Mafundi hulenga kushuka zaidi, hadi maikroni 500, yaani takriban sehemu 1 ya 1,500 ya mgandamizo wa nje.

Baada ya hapo pampu inazimwa, valvu zikiwa zimefungwa, na kipimo kinaangaliwa. Kikipanda bila kukoma, kuna sehemu inavuja. Kikipanda kidogo kisha kikatulia, bado kuna maji yanayochemka, pampu irudishwe kazini. Kwa hiyo ukimwona fundi amekaa tu pembeni pampu ikinguruma, usimharakishe. Na kama huoni pampu kabisa, muulize kabla hajafungulia gesi.