Pini ya Kisu cha Kukunja

Kisu cha kukunja kina kiungo kimoja tu, nacho kinashikwa na kipande cha chuma chenye unene wa msumari: pini inayotoboa upande mmoja wa mpini, ikapenya tundu la ubapa, ikatokea upande wa pili. Vichwa vyake hugongwa vikatanuka ili isichomoke.

Zana za kale za Unyamwezi hazikuwa na shida ya kiungo. Jembe la chuma lililouzwa Tabora enzi za misafara, katika karne ya 19, lilikuwa na mkia uliochomekwa kwenye mpini wa mti, na kila lilipopigwa ardhini mkia ulizidi kukaza. Kisu cha kukunja kina tabia iliyo kinyume: kadiri kinavyotumika ndivyo kinavyolegea. Okapi, kisu cha mpini wa mbao kinachojulikana sana Afrika, kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Wajerumani, wakati Nzega, huko Unyamwezi, nayo ilikuwa chini yao. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini, na kiungo chake bado ni pini iliyogongwa.

Wengi hudhani kisu huharibika kwa pini kukatika. Ni nadra. Pini ya chuma laini yenye kipenyo cha milimita 3 haikatiki mpaka ikatwe pande zote mbili za ubapa kwa pamoja, na kazi hiyo inataka nguvu inayokaribia uzito wa kilo 340. Linaloiumiza ni kubanwa. Ubapa ni wenzo: ncha ikiwa sentimita 8 kutoka kwenye pini, na kitako cha ubapa kikiegemea springi milimita 8 tu kutoka hapo, kilo 20 za mtu anayebandua kifuniko cha kopo zinakuwa karibu kilo 200 kwenye pini. Mzigo huo unakaa juu ya eneo lisilofikia punje ya mtama. Pini haikatiki, ila inabonyea, na tundu linaanza kuwa na umbo la yai. Pengo la sehemu moja ya kumi ya milimita pale kwenye pini linaonekana kama milimita nzima kwenye ncha, ndipo mwenye kisu anapolalamika kwamba kinacheza.

Kiangazi cha Nzega kinaongeza lake. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma laini. Zikiingia kwenye kiungo, kila kufungua na kufunga ni sawa na kupiga tupa. Utomvu wa embe nao ni asidi, na kutu inayoletwa nao hujificha palepale pasipofikika kwa kitambaa.

Dawa ya haraka ni kugonga vichwa vya pini vikaze zaidi. Mchezo unapotea kwa siku chache tu, kwa sababu kilichobanwa ni mbavu za mpini, wala tundu halijarudi kuwa duara. Kuweka pini mpya ya unene uleule katika tundu lililopanuka ni kupoteza msumari. Linalofaa ni kulichonga tundu liwe duara tena na kuweka pini nene zaidi: kutoka milimita 3 hadi 4, uwezo wa kuhimili kukatwa huongezeka kwa karibu asilimia 78. Ugumu uko kwenye ubapa wenyewe, kwani chuma chake kimepikwa kikawa kigumu na hukataa keekee ya kawaida.

Wakati wa kugonga, fundi mzoefu hupachika karatasi iliyolowa mafuta kati ya ubapa na mpini. Hugonga kidogokidogo kuzunguka ukingo wa pini, maana pigo moja zito hupinda pini katikati. Kichwa kikishatanuka, ubapa hufunguliwa na kufungwa mpaka karatasi ichanike na kutoka, ikiacha nafasi inayotosha kuzunguka bila kuyumba.

Kiungo hicho kinahitaji tone moja la mafuta ya cherehani, baada ya kusukutuliwa mchanga. Mafuta ya alizeti, yaliyo tele kutoka Singida, hayafai: hukauka yakawa gundi, na gundi hushika vumbi.