Baudouin: jina lililofutwa kwenye ramani, likabaki kwa watu

WAZEE wa pwani ya Ziwa Tanganyika upande wa Congo bado husema wamezaliwa Baudouinville. Vijana wanaovusha bidhaa huko wanaijua bandari hiyo kwa jina la Moba tu, na wengi huniuliza huyo Baudouin alikuwa nani.

Ndugu msomaji, jibu ni refu kuliko safari ya boti. Baudouin ni jina la Kijerumani cha kale, lililoungwa kwa maneno mawili yenye maana ya shujaa na rafiki. Waingereza huandika Baldwin, na Wabelgiji wa kaskazini Boudewijn.

Aliyelipa sifa kwanza ni Baudouin Mkono wa Chuma. Alitoroka na Judith, binti wa Mfalme Charles wa Wafranki, bila idhini ya baba. Mfalme alikasirika, lakini Papa aliwaombea, na mwishowe mkwe akapewa utawala wa Flanders, katika Ubelgiji ya leo. Alifariki mwaka 879.

Wajukuu zake walirithishana jina hilo, na koo nyingine za watawala zikalichukua. Siku ya Krismasi mwaka 1100, Baudouin mmoja alitawazwa mjini Bethlehem kuwa mfalme wa Jerusalem. Wa Nne wa jina hilo huko, aliyeugua ukoma tangu utotoni, alimshinda Salahuddin mwaka 1177. Mwaka 1204 mtawala mwingine wa Flanders alifanywa kaisari wa Constantinople, ambayo sasa ni Istanbul. Mwaka uliofuata alitekwa na Wabulgaria, akafia mikononi mwao.

Kwetu jina lilifika kupitia msiba. Mwana mfalme Baudouin, mtoto wa mdogo wake Leopold wa Pili, alifariki mwaka 1891 akiwa na miaka 21. Mapadri Weupe wakaipa misheni yao ya ziwani jina lake mwaka 1893.

Kisha akaja Mfalme Baudouin, aliyetawala Ubelgiji tangu 1951 hadi 1993. Juni 30, 1960, siku ya uhuru wa Congo, alimsifu Leopold wa Pili mbele ya Wacongo. Lumumba akajibu kwa kutaja vipigo na matusi waliyovumilia. Hata uwanja wa Kinshasa ambako Muhammad Ali alimpiga George Foreman mwaka 1974 ulikuwa umefunguliwa kwa jina la mfalme huyo. Sasa unaitwa Tata Raphaël.

Mobutu alipiga marufuku majina ya kigeni mwaka 1972. Mji na uwanja vilibadilishwa majina, lakini majumbani watu waliendelea kuitana Baudouin.

Naligusia hili kwa sababu ya ndugu zetu wanaorejea. Mtoto aliyesoma Zambia huja na cheti kilichoandikwa Baldwin, na karani wa upande wa pili anaona Baudouin kwenye cheti cha ubatizo. Hapo mtoto mmoja anageuka kuwa watu wawili. Ni jina lile lile! Chagueni tahajia moja kabla ya kuandikisha mtoto, na muitumie kila mahali.

Wengine huniambia walitupe kabisa, kwani ni jina la mkoloni. Mimi sikubaliani nao. Mtoto hakuchagua jina lake, na lilikuwa na karne 10 kabla Ubelgiji haijafika Congo.