Mbio za Nyika na Masomo ya Chuo Kikuu

Leo nataka kuwaeleza habari za mbio za wanafunzi wa vyuo vikuu. Maneno yangu nayaelekeza hasa kwa wanafunzi na wazee wa Kilosa na Mikumi. Wazee wengi, wamwonapo kijana akikimbia jioni, huuliza: "Mbio hizi zitamletea nini? Je, hazitampotezea masomo?" Swali hili ni la haki, na yafaa lijibiwe.

Katika mkoa wetu wa Morogoro mna vyuo vikuu, kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichopewa cheo hicho mwaka 1984. Kijana huingia huko kwa sababu ya kufaulu mitihani, na michezo huja baada ya masomo. Lakini katika nchi ya Marekani iko desturi nyingine: vyuo vingi huweza kumlipia mwanafunzi karo, chakula na malazi kwa kuwa ni hodari wa mbio. Hata hivyo sharti lake ni kali. Yampasa ahudhurie masomo na kufaulu. Asipofaulu, haruhusiwi kushindana. Tena hupewa misimu minne tu ya kushindana katika mchezo wake, kisha zamu yake imekwisha.

Sasa natueleze jinsi chuo kidogo kiwezavyo kukishinda chuo kikubwa. Katika mbio za nyika, kila chuo hupeleka wakimbiaji saba. Wakimaliza, huhesabiwa nafasi za watano wa kwanza wa kila chuo: wa kwanza hupata 1, wa pili 2, na kuendelea. Hesabu hizo hujumlishwa, na chuo chenye jumla ndogo ndicho kishindacho.

Tuchukue mfano. Tuseme shule moja ya Kilosa yashindana na shule moja ya Mikumi. Vijana wa Kilosa wanashika nafasi ya 1, 2, 8, 9 na 10. Jumla yake ni 30. Vijana wa Mikumi wanashika nafasi ya 3, 4, 5, 6 na 7. Jumla yake ni 25. Basi Mikumi imeshinda, ingawa watu wawili wa mbele wote walikuwa wa Kilosa! Hata wa sita na wa saba wana kazi yao: hawahesabiwi, lakini wakimpita mtu wa tano wa upande wa pili, humsukuma nyuma na kuiongeza hesabu ya wenzake. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Ndivyo ilivyo katika mbio hizi: shindano huamuliwa na mtu wa tano mara nyingi kuliko mtu wa kwanza. Kwa hiyo chuo hakihitaji maelfu ya wanafunzi. Chahitaji saba wenye kupatana.

Ushahidi twaupata kwa Mtanzania mwenzetu, Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita karibu na Musoma. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, mji wa nchi kavu mpakani mwa Mexico. Chuo hicho kilianza mwaka 1914 kuwa shule ya kufundisha uchimbaji wa madini. Nyambui alishinda mbio za vyuo vya Marekani za meta 10,000, yaani mizunguko 25 ya uwanja, miaka minne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982. Mwaka 1980 alishinda pia mbio za nyika za vyuo, na mwaka huo huo, katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow, akapata nishani ya fedha ya meta 5,000. Mwaka 1981 chuo chake kilishinda mbio za nyika kwa jumla ya 17. Kumbukeni ya kuwa jumla ndogo kabisa iwezekanayo ni 15.

Lakini msidanganyike, vijana. Wapatao nafasi kama hiyo ni wachache sana kati ya wakimbiaji wengi, na miguu huchoka mapema kuliko akili. Asiye na cheti cha sekondari hapokelewi chuoni, hata awe na mbio za swala. Ndiyo sababu nawaambia wazee: msimkataze mtoto mbio, wala msimruhusu aache daftari kwa ajili ya mbio. Viwili hivyo vyaenda pamoja.

Nanyi walimu, kuanza si kazi ya fedha. Tafuteni vijana saba, njia iliyopimwa, saa moja, na mtu wa kuandika nafasi. Njia hiyo iwe mbali na barabara kuu ipitayo Mikumi, ambako malori hayapumziki, na mbali na mbuga ya wanyama. Wafundisheni kukimbia pamoja, aliye hodari akimvuta aliye nyuma. Kila juma andikeni muda wa mtu wa tano. Ukipungua, jueni ya kuwa shule yenu nzima imesonga mbele.