Hesabu ya Tajiri na Mguu wa Dereva

Kila inapotokea ajali kubwa ya daladala au matatu, tunasikia maneno yale yale: madereva hawana nidhamu, madereva wanavuta bangi, leseni wamenunua. Polisi wanakaza ukaguzi kwa wiki mbili tatu, kisha mambo yanarudi palepale. Sisi tunaochunguza jinsi watu wanavyolipwa na jinsi malipo hayo yanavyowaelekeza kazini huanza na swali jingine: huyu mtu anapataje riziki yake? Madereva wengi wa Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na Mombasa hawana mshahara. Wao ndio wanaomlipa mwenye gari.

Mpango wenyewe unafahamika. Alfajiri dereva anachukua gari, na tajiri, yaani mwenye gari, anategemea hesabu yake ya siku: kiasi cha fedha kisichobadilika. Tuseme hesabu ni shilingi 100,000, na mafuta yatakula 90,000. Ikifika saa kumi na moja jioni dereva na konda wake wakawa wamekusanya 190,000, mpaka hapo hawajapata hata thumni. Wameamka usiku wa manane, wamempa mpiga debe chake, wamekaa kwenye foleni, na siku nzima wamemfanyia kazi tajiri na kituo cha mafuta. Nauli ya abiria anayefuata ndiyo ya kwanza kuwa yao, na kuanzia hapo yote ni yao. Kwa hiyo mshahara wao wote umo ndani ya saa tatu au nne za jioni. Tripu moja zaidi katika saa hizo ni chakula cha watoto, na tripu moja ikikosekana kwa sababu ya foleni, watu wawili wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Ni rahisi kumlaani tajiri, lakini mara nyingi naye ni mwalimu, muuguzi au mstaafu aliyenunua Hiace moja kwa kiinua mgongo chake. Hayupo barabarani. Hajui wamepanda abiria wangapi. Akimlipa dereva kwa mwezi, dereva anaweza kuegesha gari kivulini akasema leo hakukuwa na watu. Akisema wagawane mapato nusu kwa nusu, nani atamwonyesha mapato yenyewe? Hesabu inamwondolea maswali yote hayo kwa mpigo. Ni kodi ya shamba iliyowekewa magurudumu, na wachumi wameichambua kodi ya shamba kwa muda mrefu. Mwaka 1974 Joseph Stiglitz alionyesha kiini cha jambo hili. Mkulima anayelipa kodi isiyobadilika ana kila sababu ya kujituma, kwa kuwa kinachozidi ni chake. Lakini mvua isiponyesha, hasara nayo ni yake peke yake. Anayegawana mavuno na mwenye shamba analindwa zaidi na mwaka mbaya, ila ari yake hupungua.

Barabarani mwaka mbaya huja kila siku. Pancha, msafara wa kiongozi, trafiki aliyeamua kukamata: vyote vinamwangukia dereva, ilhali hesabu haishuki.

Hapo ndipo inapoingia kazi ya Bengt Holmström na Paul Milgrom ya mwaka 1991, ambayo kwangu ndiyo ufunguo wa suala zima la malipo. (Holmström alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2016 kwa uchambuzi wake wa mikataba.) Walisema kazi karibu zote zina sehemu nyingi, na ni chache tu kati yake zinazopimika. Ukimlipa mtu sana kwa sehemu inayopimika, atahamishia nguvu zake huko na kuziacha zile zisizopimika, hata kama ndizo zenye maana zaidi. Dereva anapimwa kwa pesa. Hapimwi kwa breki alizozitunza, wala kwa mama mjamzito aliyemsubiri akae vizuri kabla ya kuondoa gari. Mtazame konda wa Dar es Salaam saa kumi na mbili asubuhi, anavyowazuia wanafunzi mlangoni kwa mkono. Mwanafunzi analipa chini ya nusu ya nauli ya mtu mzima, na nafasi anayochukua ni ileile. Konda huyo anaweza kuwa na watoto wake shuleni, pengine nao wanazuiwa kwenye mlango wa gari jingine wakati huohuo. Mkataba wake unamwadhibu kwa kila mwanafunzi anayempandisha.

Ushahidi wa wazi kabisa ninaoujua unatoka Santiago, mji mkuu wa Chile. Kabla ya mabadiliko makubwa ya mfumo wa mabasi ya mwaka 2007, mabasi mengi ya mji ule yalimlipa dereva kwa kila abiria aliyembeba, lakini yapo machache yaliyolipa mshahara usiobadilika. Mji ni mmoja na barabara ni zilezile, malipo ndiyo tofauti. Watafiti Ryan Johnson, David Reiley na Juan Carlos Muñoz wakalinganisha. Madereva waliolipwa kwa abiria walisababisha ajali nyingi zaidi kwa takriban asilimia 67 kwa kila kilomita. Lakini walikuwa pia na faida ambayo mtafiti mkweli hawezi kuificha: abiria wa mabasi ya mshahara walisubiri kituoni muda mrefu zaidi, kama asilimia 10 hivi. Dereva wa malipo ya abiria alijitahidi asilifuate kwa karibu mno gari lililomtangulia, maana lingekuwa limeshazoa watu wote. Alikuwa hata akiwalipa watu waliosimama vituoni na saa na daftari, wamwambie basi la mbele limepita dakika ngapi zilizopita. Hakuna meneja aliyebuni kazi ile. Ilizaliwa na namna ya kulipa.

Basi, je, tukimpa tajiri macho, mambo yatatengemaa? Jaribio hilo limefanyika Nairobi. Erin Kelley, Gregory Lane na David Schönholzer walifunga vifaa vya kufuatilia mwendo katika matatu 255, kisha baadhi ya wenye magari, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, wakaonyeshwa taarifa kwenye simu: gari liko wapi, limetembea kiasi gani, linaendeshwa vipi. Wengine hawakuonyeshwa. Walioona walishusha hesabu. Madereva wao walifanya kazi saa nyingi zaidi, wakaacha ile tabia ya kulipitisha gari kwenye njia mbovu linakoumia, na udanganyifu wa mapato ukapungua. Hata kuaminiana kati ya pande mbili kuliongezeka. Kwa tajiri na dereva ulikuwa mkataba bora.

Kwa abiria, hapana. Taarifa zilezile kwenye simu zilionyesha pia mwendo kasi na breki za ghafla, lakini usalama haukuongezeka. Tajiri alitumia macho yake kulinda mali yake, jambo ambalo ni haki yake. Nalisisitiza hili kwa sababu serikali zetu zinapenda kununua vifaa na kuamini kwamba tatizo limekwisha. Kifaa kinamtumikia yule anayekisoma.

Abiria ndiye mtu pekee mwenye shingo yake ndani ya gari asiye na sauti katika mkataba. James Habyarimana na William Jack waliliona hilo, wakabandika stika ndani ya matatu za Kenya zikiwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha ovyo. Ili stika zisibanduliwe, madereva waliozitunza waliingizwa katika bahati nasibu yenye zawadi. Madai ya bima katika magari yale yalipungua kwa nusu au zaidi. Jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa mwaka 2015 na linalojulikana kwa jina la Zusha, lilipata upungufu wa kati ya robo na theluthi. Ni mafanikio makubwa kwa gharama ya kipande cha karatasi. Ila mkataba wenyewe haukuguswa: abiria walipewa kazi ya kuvutana na hesabu, na hesabu ikabaki vilevile.

Kuna wanaosema dawa ni mshahara tu. Mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, yaliyoanza mwaka 2016, yanaendeshwa na madereva wa mshahara na tiketi hukatwa kituoni. Madereva wale hawagombei abiria hata kidogo. Wakazi wa Kimara waliosimama foleni ndefu asubuhi kuyasubiri wanajua upande wa pili, ingawa sitaulaumu mshahara peke yake, maana mabasi yenyewe yalikuwa machache kuliko mahitaji. Msimamo wangu ni mchanganyiko: mshahara wa msingi unaotosha kula, na juu yake asilimia ndogo ya mapato. Ari ya kuhudumia watu ibaki, lakini siku mbaya isimfukuze dereva kuelekea kwenye kona kwa kasi.

Waendesha bodaboda wanatufundisha jambo jingine. Pikipiki ya hesabu na pikipiki ya mkataba si kitu kimoja. Ya mkataba, kijana analipa kila siku kwa mwaka mmoja au zaidi, na mwisho inakuwa yake. Kila mwezi unaopita, injini anayoitesa inazidi kuwa ya kwake. Hiyo inatibu uharibifu wa chombo bila kifaa chochote. Haitibu presha ya malipo ya kila siku, ambayo kwenye mkataba mara nyingi huwa kubwa zaidi.

Sababu iliyoizaa hesabu, yaani tajiri kutoona pesa, inaondoka mbele ya macho yetu. Nairobi nauli nyingi sasa zinalipwa kwa simu, na kila senti inaacha alama. Lakini kumbuka kadi ya BebaPay, iliyoletwa na Google na benki ya Equity mwaka 2013 na kufungwa mwaka 2015, au agizo la serikali ya Kenya la mwaka 2014 la nauli bila fedha taslimu, ambalo lilikufa mikononi mwa makondakta. Wengi walisema ni ukaidi wa watu wa stendi. Mimi naona watu wale walipiga hesabu sawasawa: pesa waliyoishi nayo ilikuwa ile isiyoonekana, na hakuna aliyewaambia watapata nini ikishaonekana. Mamlaka ikitaka nauli ya kielektroniki kesho, iwakalishe kwanza wenye magari na madereva waandikiane asilimia, mshahara wa msingi na siku ya mapumziko. Kadi ije baada ya sahihi.