Pigo la Umeme na Muda Wake: Kuunda Kizalishi cha Mapigo kwa Chipu Mbili za 555

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi chipu mbili za kupimia muda zinavyounganishwa ili kutoa mapigo ya umeme yanayoweza kurefushwa au kufupishwa bila kubadili idadi yake kwa sekunde. Yanachunguza pia neno moja linalomtatiza kila ajaribuye kulieleza jambo hilo kwa Kiswahili, yaani «upana» wa pigo.

Chipu ya 555 ilibuniwa mwaka 1971 na Hans Camenzind, mhandisi mzaliwa wa Uswisi, kwa ajili ya kampuni ya Signetics ya Marekani. Ina miguu minane. Ndani yake rezista tatu zilizo sawa huigawa volti ya betri katika theluthi. Kapasita iliyo nje ya chipu hujazwa umeme kidogo kidogo kama mtungi chini ya mfereji. Ikifika theluthi mbili, chipu huifungulia njia ya kujimwaga hadi theluthi moja, kisha ujazaji huanza upya. Hata hivyo, chipu ikiwa peke yake, kapasita hiyo hiyo hutawala wingi wa mapigo na pia muda wa kila pigo. Anayegusa kimoja huvuruga cha pili.

Ndiyo sababu kazi hugawanywa. Katika chipu ya kwanza, rezista ya kiloomu 100 huwekwa kati ya miguu ya 8 na 7, ya kiloomu 1,5 kati ya 7 na 6, na miguu ya 6 na 2 huungwa pamoja kwenye kapasita ya nanofaradi 100. Chipu hiyo hutoa miito ipatayo 140 kwa sekunde, yaani mmoja kila milisekunde 7,1. Mguu wake wa 3 huungwa na mguu wa 2 wa chipu ya pili.

Chipu ya pili hukaa kimya mpaka iitwe. Volti ya mguu wake wa 2 ikishuka chini ya theluthi, hapo huanza kutoa pigo, na pigo hudumu mpaka kapasita yake yenyewe, iliyoungwa na miguu ya 6 na 7, ijae hadi theluthi mbili. Muda huo ni 1,1 mara rezista mara kapasita. Kwa nanofaradi 100, pamoja na rezista ya kiloomu 2,2 iliyofuatanishwa na rezista ya kuzungusha ya kiloomu 47, pigo hudumu kuanzia milisekunde 0,24 hadi 5,4. Mwito wenyewe hudumu takriban milisekunde 0,1 tu. Sharti uwe mfupi kuliko pigo, la sivyo chipu ya pili haitanyamaza kwa wakati wake.

Fundi mwenye tamaa aweza kuweka rezista ya kuzungusha ya kiloomu 100. Akiizungusha hadi mwisho, pigo litadumu milisekunde 11, mwito wa pili utapita bila kusikiwa, na mapigo yatapungua ghafla kuwa 70. Kosa hili huhangaisha watu wengi, kwa maana hakuna kilichoungua.

Sasa kuhusu neno. Kifaransa na Kiingereza husema upana, kwa kuwa kwenye kioo cha osiloskopu wakati huchorwa toka kushoto kwenda kulia. Lakini katika Kiswahili muda huwa mrefu au mfupi. Hakuna asemaye muda mpana. Je, tuseme urefu wa pigo? Hapo mtego ni mkubwa zaidi: njia ni ndefu, na mti pia ni mrefu. Mwanafunzi aliyeambiwa apime urefu wa pigo ataupima kutoka chini kwenda juu, naye atapata volti badala ya milisekunde. Yafaa basi kusema «muda wa pigo», na volti yake kuiita «kimo cha pigo». Katika saketi iliyoelezwa hapa, rezista ikizungushwa, kimo hubaki palepale na muda ndio unaobadilika.