Kabla ya Kusema Shule Imefeli: Jinsi ya Kusoma Matokeo ya Sekondari ya Kata

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Nne yanapotangazwa, mazungumzo katika sharika zetu huwa yaleyale: shule fulani imefaulisha, shule fulani imefeli. Sekondari za kata ndizo husemwa vibaya zaidi. Zilipoanza, wapo waliozipachika jina la "yeboyebo", kama vile viatu vya plastiki vya bei nafuu. Baada ya mazungumzo hayo mzazi mwenye uwezo humhamisha mtoto wake, na asiye na uwezo hukata tamaa.

Katika toleo hili tunapenda kueleza namna ya kusoma matokeo hayo. Hoja yetu ni moja: asilimia ya ufaulu haieleweki mpaka tujue ni wanafunzi gani walioingia shuleni, wangapi walibaki, na ni kundi gani limeachwa nyuma.

SHULE HIZI ZINAPOKEA NANI?

Sekondari za kata zilienea kupitia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulioanza mwaka 2004. Mwaka huo sekondari za Serikali zilikuwa 828. Kufikia mwaka 2009 zilikuwa 3,283. Majengo yalijengwa kwa nguvu za wananchi, lakini walimu, vitabu na maabara havikuongezeka kwa kasi hiyo. Mwezi Februari 2013 taifa lilishtuka kusikia kwamba watahiniwa zaidi ya 240,000 wa mtihani wa 2012 walipata sifuri. Matokeo yale yalifutwa na kupangwa upya, lakini sifa mbaya ilibaki kwa shule.

Kuanzia Januari 2016 ada ilifutwa kwa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne katika shule za Serikali. Kabla ya hapo mwanafunzi wa kutwa alitakiwa kulipa shilingi 20,000 kwa mwaka. Hivyo watoto wa familia maskini zaidi walipata nafasi.

Ni lazima tuseme ukweli hapa. Shule nyingi za binafsi, zikiwemo za makanisa, huchagua wanafunzi kwa usaili, na mzazi hulipa ada. Sekondari ya kata haina usaili. Humpokea aliyefaulu darasa la saba kwa alama za juu na aliyefaulu kwa shida, yatima anayelelewa na bibi, na mtoto anayetembea saa mbili. Wengi wao wamesoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, na wakifika Kidato cha Kwanza wanafundishwa na kupimwa kwa Kiingereza. Kulinganisha shule hizi mbili kwa asilimia moja tu si haki.

NENO "UFAULU" LINA MAANA GANI?

Anayehesabiwa kuwa amefaulu ni yule aliyepata Daraja la Kwanza hadi la Nne. Ili kupata Daraja la Nne inatosha kupata D mbili, au C moja. Lakini mwanafunzi huyo hawezi kuchaguliwa kwenda Kidato cha Tano, kwa kuwa anatakiwa awe na angalau C tatu. Kwa hiyo shule inaweza kutangaza ufaulu wa asilimia 90 huku wengi wakiwa Daraja la Nne. Mzazi asiulize tu "wangapi wamefaulu?" Aulize pia "wangapi wamepata Daraja la Kwanza hadi la Tatu?"

TUHESABU NA WASIOKUWEPO

Tutoe mfano wa shule mbili za kufikirika. Kila moja iliandikisha wanafunzi 120 Kidato cha Kwanza.

Shule ya kwanza: waliofanya mtihani wa Kidato cha Nne ni 60, waliofaulu 54. Ufaulu ni asilimia 90.

Shule ya pili: waliofanya mtihani ni 110, waliofaulu 77. Ufaulu ni asilimia 70.

Kwenye ubao wa matangazo shule ya kwanza inaonekana bora. Lakini tukiwahesabu kati ya wale 120 walioanza, shule ya kwanza imefaulisha asilimia 45 na ya pili asilimia 64. Wako wapi wale 60 wa shule ya kwanza? Huenda wengine walihamia shule nyingine au wanakariri kidato. Wengine walikwenda kufanya kazi za ndani mjini, kuchunga, au waliolewa. Wasichana wengine walipata ujauzito. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu waliokatiza masomo kwa sababu kama hizo kurudi, lakini huwezi kumrudisha mtoto ambaye hakuna anayejua aliko. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Watoto nao ni hivyo.

WASTANI HUFICHA MAKUNDI

Tuendelee na shule ya pili. Tuseme kati ya wale 110, wanafunzi 70 wanaishi karibu, na 56 kati yao wamefaulu, yaani asilimia 80. Wanafunzi 40 wanatoka mbali au wamepanga vyumba karibu na shule, wanapika wenyewe bila mtu mzima wa kuwaangalia. Kati yao wamefaulu 21, zaidi kidogo ya nusu. Ile asilimia 70 haikutuonyesha jambo hilo. Sasa tunajua kwamba kabla ya kumlaumu mwalimu wa hisabati, tuangalie suala la hosteli.

Wenzetu wa Marekani waliliwekea jambo hili sheria. Sheria ya elimu iliyosainiwa Januari 2002 iliagiza wanafunzi wa darasa la tatu hadi la nane wapimwe kila mwaka katika kusoma na hisabati, na matokeo ya shule za umma yatolewe kwa makundi: watoto wa familia zenye kipato duni, wenye ulemavu, wanaojifunza Kiingereza, na kwa rangi na asili. Shule ya kati yenye wastani mzuri haikuweza tena kuficha kundi lililobaki nyuma. Sheria hiyo ililaumiwa kwa kuadhibu shule na kuwafanya walimu wafundishie mtihani, na mwaka 2015 ilibadilishwa. Lakini agizo la kutoa matokeo kwa makundi lilibakizwa.

Hapa kwetu Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kuanzia matokeo yaliyotoka Januari 2023. Matokeo ya kila shule bado hutolewa, yakionyesha waliosajiliwa, wasiofika, na madaraja kwa wasichana na wavulana. Makundi mengine yatafutwe shuleni kwenyewe, katika rejesta za mahudhurio na kumbukumbu za uandikishaji.

TAHADHARI

Kwanza, kundi likiwa na wanafunzi watano, mtoto mmoja ni asilimia 20. Tusikimbilie kuhukumu, tuangalie miaka mitatu mfululizo. Pili, takwimu huonyesha mahali penye tatizo, lakini hazisemi sababu yake. Sababu tutaipata kwa kukaa na wanafunzi, wazazi na walimu. Tatu, tusitaje hadharani jina la mtoto, hali yake ya afya au umaskini wa nyumbani kwao. Kundi likiwa dogo kiasi kwamba kila mtu anajua ni nani, taarifa zake ziishie kwa mkuu wa shule.

USHARIKA UNAWEZA KUFANYA NINI?

Wazazi na wajumbe wa bodi za shule wanaweza kuomba majibu ya maswali haya matano kila mwaka:

1. Waliandikishwa wangapi Kidato cha Kwanza, na wamefika wangapi Kidato cha Nne?
2. Walioondoka wako wapi: wamehama, wanakariri, au wameacha?
3. Wangapi wako Daraja la Kwanza hadi la Tatu, wasichana na wavulana?
4. Matokeo ya wanaotoka mbali, yatima na wenye ulemavu yakoje?
5. Wanafunzi hawahawa walikuwaje katika upimaji wa Kidato cha Pili, na wamepanda au wameshuka?

Swali la tano ndilo linalomtendea haki mwalimu. Shule iliyompokea mtoto asiyeweza kusoma sentensi ya Kiingereza na kumfikisha Daraja la Tatu imefanya kazi kubwa, hata kama haitajwi popote.

Majibu yakipatikana, msaada nao utajua pa kwenda. Usharika mmoja utaona kinachohitajika ni chakula cha mchana, mwingine ni hosteli ya wasichana, mwingine ni masomo ya ziada ya Kiingereza kwa Kidato cha Kwanza. Tunawaomba viongozi wa sharika waanze na shule moja iliyo karibu nao, wachukue daftari, na waanze na swali la kwanza.