Kuchunguza Ukatili kwa Ajili ya Bunilizi: Mafunzo kutoka Mradi wa Waandishi wa Kigali wa 1998

Ikisiri

Mtunzi wa bunilizi anayesimulia mauaji halisi hukabiliwa na swali zito: ana haki gani ya kuchukua maumivu ya watu waliokuwepo na kuwavika wahusika wa kubuni? Makala hii inalijadili swali hilo kwa kurejelea waandishi wa Kiafrika waliokwenda Rwanda mwaka 1998 kufanya utafiti wa vitabu vyao. Inachunguza vyanzo walivyovitegemea, uteuzi walioufanya, na mafunzo ambayo mtunzi wa Kiswahili anaweza kuyapata. Hoja kuu ni kwamba kadiri mtunzi anavyojua mengi kuhusu ukatili, ndivyo anavyoweza kueleza machache na bado akaaminika.

1.0 Utangulizi

Kuanzia tarehe 7 Aprili 1994, kwa muda wa takribani siku 100, Rwanda ilipitia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya watu 800,000 na zaidi ya 1,000,000. Miaka minne baadaye, tamasha la fasihi la Fest'Africa lenye makao yake Lille, Ufaransa, likiongozwa na Nocky Djedanoum wa Chad na Maïmouna Coulibaly wa Kodivaa, liliwaalika waandishi wa Kiafrika wakae Kigali, waone, wasikilize, kisha waandike. Mradi huo ulijengwa juu ya wazo la kuandika kama wajibu wa kumbukumbu. Miongoni mwa walioshiriki walikuwamo Boubacar Boris Diop wa Senegal, Véronique Tadjo wa Kodivaa, Tierno Monénembo wa Gine, Abdourahman Waberi wa Jibuti, Monique Ilboudo wa Burkina Faso, Koulsy Lamko wa Chad na Meja Mwangi wa Kenya.

Mradi huu ni mfano mwafaka kwa mjadala wa sasa kwa sababu mbili. Kwanza, waandishi kadhaa walitembelea maeneo yaleyale, lakini kila mmoja alirudi na kitabu cha namna yake. Tofauti zilizopo kati ya vitabu hivyo, kwa hiyo, zinatokana zaidi na uamuzi wa mtunzi kuliko uhaba wa taarifa. Pili, tukio lenyewe limo ndani ya eneo la matumizi ya Kiswahili. Rwanda ni nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, imekifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi tangu mwaka 2017, na kesi za wahusika wakuu wa mauaji hayo zilisikilizwa Arusha, Tanzania.

2.0 Mahali kama Chanzo

Chanzo cha kwanza cha waandishi hao kilikuwa maeneo ya mauaji yenyewe. Katika shule ya ufundi ya Murambi, karibu na mji uliokuwa ukiitwa Gikongoro, mabaki ya baadhi ya waliouawa yalihifadhiwa kwa chokaa na kuwekwa madarasani. Katika makanisa ya Nyamata na Ntarama kulibaki mifupa, nguo na vyombo vya watu waliokimbilia humo.

Mgeni anayeingia mahali kama hapo huvutwa kwanza na kilicho cha kutisha. Mtafiti makini hana budi kuangalia pia kile kisichotisha. Vyombo vya kupikia na mikeka iliyobaki Ntarama haionyeshi damu yoyote, lakini inaeleza jambo ambalo mifupa haiwezi kulieleza: watu hawa walitarajia kukaa hapo siku kadhaa na kisha kurudi makwao. Katika machafuko ya miaka iliyotangulia kanisa lilikuwa kimbilio, nao walikuwa na sababu ya kuamini kwamba lingekuwa hivyo tena. Kadhalika, wale waliojikusanya Murambi walielekezwa huko na viongozi wa serikali, kisha maji yakakatwa kabla ya shambulio la tarehe 21 Aprili. Mfereji usiotoa maji unathibitisha kwamba mauaji yalipangwa. Mtunzi akiupata undani wa aina hii, hahitaji kurundika maiti ukurasa baada ya ukurasa ili msomaji atambue ukubwa wa uovu.

3.0 Lugha kama Chanzo

Chanzo cha pili, ambacho aghalabu hupuuzwa, ni lugha ya tukio lenyewe. Wauaji walikuwa na msamiati wao. Kitenzi cha Kinyarwanda *gukora*, yaani kufanya kazi, kilitumiwa kumaanisha kuua. Watutsi waliitwa *inyenzi*, yaani mende, na *inzoka*, neno ambalo msomaji wa Kiswahili hulitambua mara moja kuwa ni nyoka. Tafsida ya kwanza ilimpa muuaji utulivu wa mtu aendaye shambani. Matusi yale mawili yalimwondolea aliyelengwa ubinadamu wake. Mtunzi anayemchora muuaji bila kuujua msamiati huu hulazimika kumpa maneno ya shetani wa hadithi za watoto. Anayeujua humwacha azungumze kwa upole kuhusu kazi, na upole huo ndio unaotisha.

Hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, iliyotolewa tarehe 2 Septemba 1998, inadhihirisha uzito wa suala hili. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, na ilitambua kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji hayo. Mahakama ilisikiliza ushahidi wa kitaalamu wa mwanaisimu kuhusu maneno ya Kinyarwanda. Ilibidi pia ifafanue maneno manne ambayo mashahidi waliyatumia kuelezea ubakaji: *gusambanya*, *kurungora*, *kuryamana* na *gufata ku ngufu*. Baadhi ya maneno hayo, nje ya muktadha, humaanisha tu kujamiiana au kulala pamoja. Ni la mwisho pekee lililobeba wazo la nguvu waziwazi. Mashahidi hawakuwa wakipunguza uzito wa walichotendewa. Walikuwa wakilinda heshima yao kwa maneno ambayo jamii iliwaruhusu kuyatamka.

Mtunzi wa Kiswahili anakutana na tatizo hilohilo. Maneno *kubaka*, *kunajisi*, *kuingilia kwa nguvu* na *kulala na* si visawe. *Kunajisi*, ambalo hutumika sana katika taarifa za habari, lina mzizi wa najisi, na kwa hiyo huuhamishia mwili wa aliyetendewa uchafu ambao kwa haki ni wa mtenda. *Kulala na* huondoa nguvu kabisa. Vivyo hivyo, *mauaji ya halaiki* hutaja wingi wa waliouawa, ilhali *mauaji ya kimbari*, kutokana na neno mbari, hutaja sababu iliyowafanya walengwe. Mtunzi anayechagua neno bila kulitafakari huwa ameshatoa hukumu bila kujua.

4.0 Kutoka Utafiti hadi Usimulizi

Monénembo, katika riwaya yake *L'Aîné des orphelins* (2000), alichagua kuchelewesha. Msimulizi wake ni kijana aliye gerezani akisubiri kuuawa, ambaye huzungumza kwa kebehi juu ya kila kitu isipokuwa kile kilichowapata wazazi wake. Mauaji yenyewe yanasimuliwa katika kurasa za mwisho tu. Msomaji hutambua basi kwamba ubishi wote wa kijana huyo ulikuwa jeraha.

Diop, katika *Murambi, le livre des ossements* (2000), alichagua kugawa sauti. Mlengwa, muuaji, mpiganaji na afisa wa kigeni husimulia kila mmoja kwa zamu yake, hivyo hakuna anayemiliki ukweli wote. Mhusika mkuu, Cornelius, anarudi kutoka Jibuti akiwa na nia ya kuandika tamthilia ya vichekesho juu ya yaliyotokea. Anapogundua kwamba baba yake ndiye aliyeandaa mauaji ya Murambi, anaiacha nia hiyo. Mtindo wa riwaya nao unavuliwa mapambo, tofauti na riwaya za awali za Diop zilizojulikana kwa utata wa masimulizi. Lamko, kwa upande wake, katika *La Phalène des collines* alimpa usimulizi mwanamke aliyeuawa, ambaye roho yake imekuwa nondo. Aliyefanywa kielelezo cha kutazamwa na wageni ndiye anayewatazama.

Chaguo hili la Lamko linagusa suala nyeti kuliko yote. Mabaki ya mwanamke mmoja yaliyokuwa yakionyeshwa Nyamata yanarejelewa katika zaidi ya kitabu kimoja cha mradi huu. Wapo wanaoshikilia kwamba kunyamazia namna alivyouawa ni kuwasaidia wanaokana mauaji ya kimbari. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya undani unaothibitisha na undani unaosisimua. Tarehe, mahali, amri iliyotolewa na aliyeitoa huthibitisha, na bunilizi inapaswa kuvihifadhi kwa uaminifu. Maelezo ya jeraha yanayorudiwarudiwa huishia kumfanya marehemu ajulikane kwa kile tu alichotendewa na muuaji wake.

5.0 Mafunzo kwa Mtunzi wa Kiswahili

Funzo la kwanza ni utaratibu wa utafiti. Mtunzi aanze na hukumu, kumbukumbu za mahakama na maandishi yaliyochapishwa kabla ya kumwendea manusura. Si haki kumwomba mtu afungue kidonda kwa jambo ambalo tayari limeandikwa. Akimwendea, amweleze waziwazi kwamba anaandika bunilizi, na kwamba masimulizi yake yanaweza kubadilishwa. Ridhaa iliyotolewa kwa mwanahistoria haimhusu mtunzi. Amwachie pia haki ya kunyamaza.

Funzo la pili ni kwamba utambulisho wa mtu binafsi ulindwe hata pale ukweli wa tukio unapohifadhiwa. Mji na tarehe vinaweza kubaki vilevile; jina, familia na jeraha la mtu mmoja vibadilishwe.

Funzo la tatu linahusu lugha ya kuandikia. Diop ameeleza kwamba yale aliyokutana nayo Rwanda yalichangia uamuzi wake wa kuandika riwaya *Doomi Golo* (2003) kwa Kiwolofu. Manusura wengi wa ukatili katika ukanda huu, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, wanaweza kuisoma riwaya ya Kiswahili au kusomewa. Mtunzi wa Kiswahili, basi, aandike akijua kwamba aliyempa ushuhuda anaweza kuwa msomaji wake.

6.0 Hitimisho

Utafiti wa ukatili ni wajibu wa mtunzi, kwa kuwa asiyejua hujazia pengo kwa damu ya kubuni. Lakini si kila kilichopatikana katika utafiti hustahili kuingia kitabuni. Kipimo kinachopendekezwa hapa ni chepesi kukitaja na kigumu kukitimiza: kila undani wa kutisha uulizwe unamwambia msomaji nini juu ya aliyeuawa, aliyeua au waliotazama, ambacho undani mwingine usingeweza kukisema. Ukikosa jibu, ubaki katika daftari la mtafiti.